Baiskeli, Mizabibu na Dirisha la Pili: Nani Anafaidi Mabonde ya Cape?

Wadau, ingieni mtandaoni mtafute picha za ziara za baiskeli kwenye mashamba ya mizabibu ya Cape, kule Sauzi. Picha ni ileile hata ukibadili kampuni. Kuna barabara ya vumbi safi, mistari ya mizabibu iliyonyooka kama imepigwa rula, milima ya bluu kwa nyuma, nyumba nyeupe ya kizamani ya Kidachi, na wazungu wanne wa makamo wenye helmeti wanacheka. Mtu wa kazi hayumo. Zabibu zipo, zimeiva vizuri, lakini ukiangalia utadhani zimejipanda, zimejipogoa, na kesho zitajichuma.

Leo tuongelee hiyo picha. Sina ugomvi na baiskeli jamani. Wengi wetu tumekua tukipakizwa kwenye Phoenix ya baba pamoja na dumu la maji na gunia la mkaa, kwa hiyo mtu akilipa hela nyingi kuendesha baiskeli bila mzigo wowote tunaweza kumshangaa, ila hatuwezi kumlaumu. Hoja yangu ni nyingine. Kwenye yale mabonde siku hizi mandhari yenyewe imekuwa zao la kuuza, sawa na zabibu. Na mandhari ikishakuwa zao, swali la nani ana haki ya kuishi ndani yake linakuwa kali zaidi.

NJIA YENYEWE

Kwa ambao hawajui ramani: kutoka Cape Town mpaka Stellenbosch ni kama kilomita 50. Mji huo uko kwenye bonde la mto Eerste. Ukiupanda mlima wa Helshoogte unateremkia upande wa mto Berg na kufika Franschhoek, yaani kona ya Wafaransa, kwa sababu wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa walipewa ardhi pale kuanzia 1688. Ukiufuata mto Berg kwenda kaskazini unapita Paarl na Wellington. Ukitaka kuyaumiza mapaja unapanda Bainskloof, barabara ya mlimani iliyofunguliwa 1853 na kujengwa kwa nguvu za wafungwa, kisha unaangukia bonde la mto Breede lenye miji ya Worcester, Robertson na Bonnievale. Mto Berg unamwaga maji Atlantiki, na Breede unamwaga Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii.

Ni nchi nzuri, tusidanganyane. Kiangazi upepo wa kusini mashariki unavuma mpaka baiskeli inayumba, lakini ndo huohuo unaopoza zabibu zisiungue na jua. Mtalii anakanyaga kilomita 30 au 40 kwa siku, anasimama shamba hili anaonja mvinyo, anasimama lile anakula jibini, na gari linamfuata na mabegi yake. Msimu mzuri ni Oktoba mpaka Aprili. Mavuno yenyewe yanaanza mwishoni mwa Januari na kuendelea mpaka Machi au Aprili. Yaani mtalii anapita wakati uleule ambao watu wameinama mashambani toka alfajiri. Hata yale mashindano makubwa ya baiskeli za milimani, Cape Epic, yaliyoanza 2004, hufanyika Machi: siku nane, timu za watu wawili wawili, wakikata katikati ya mashamba na milima ileile.

WATUMWA WALITANGULIA MVINYO

Historia kidogo, msikimbie. Jan van Riebeeck wa Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki alitia nanga Cape mwaka 1652. Mwaka 1658 ikaja meli ya Amersfoort na shehena kubwa ya kwanza ya watumwa, Waangola, wengi wao watoto. Februari 1659 zikakamuliwa zabibu za kwanza. Ziangalieni hizo tarehe. Watumwa walifika kabla ya mvinyo. Waliofuata walitoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Kati ya 1776 na 1778 meli za kampuni hiyohiyo zilipanda mpaka pwani ya Waswahili, zikafika Zanzibar kununua watu wa kupeleka Cape. Shajara za safari hizo zipo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisema habari za Stellenbosch hazimhusu Mswahili, mwambieni arudi darasani.

Utumwa ulifutwa Cape Desemba 1834, lakini watu wakalazimishwa kubaki kwa mabwana zao miaka minne zaidi, mpaka 1838, eti wanajifunza kazi. Walipotoka walitoka na uhuru bila ardhi. Ukafuata mtindo unaoitwa dop, wa kumlipa mfanyakazi sehemu ya ujira wake kwa mvinyo: kikombe asubuhi, kingine mchana, kingine jioni. Mtindo huo ulipigwa marufuku, na sheria ya vileo ya 2003 inamkataza mwajiri kulipa kwa pombe, ila madhara yake hayakufutwa na sheria. Western Cape ni kati ya sehemu duniani zenye watoto wengi zaidi waliozaliwa na ulemavu unaotokana na mama kunywa pombe akiwa mjamzito. Huo ndo mvinyo uliobaki bondeni baada ya ule mzuri kupakiwa melini.

RANDI 69

Sasa tuje kwenye mshiko. Novemba 2012 kwenye bonde la mto Hex, tawi la Breede, katika mji wa De Doorns, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu za kula walifunga barabara kuu ya N1. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Kwa siku, siyo kwa saa! Wao walitaka 150. Mgomo ukasambaa miji mingi ya Western Cape, mizabibu ikachomwa moto, polisi wakapiga risasi za mpira, watu watatu wakapoteza maisha. Kuanzia Machi 2013 serikali ikapandisha kima mpaka randi 105.

Baadaye ikaja sheria ya kima cha chini cha taifa, iliyoanza Januari 2019 na randi 20 kwa saa, lakini mfanyakazi wa shambani akatengewa 18. Mpaka Machi 2021 ndipo wakalinganishwa na wengine. Machi 2025 kima kikafika randi 28.79 kwa saa. Kwa kima hicho, mtu aliyefanya kazi saa tisa alipata kama randi 259. Kutoka 69 ni hatua, lazima tuseme ukweli. Ila mkate, umeme na nauli navyo vimepanda. Na kazi yenyewe kwa wengi ni ya msimu: miezi michache ya kuvuna na kupogoa, halafu unakaa kijiweni kusubiri simu ya dalali wa vibarua.

Kulikuwa na mgomo mwingine kule Robertson, kwenye kiwanda cha mvinyo cha Robertson Winery, kuanzia Agosti mpaka Novemba 2016. Wiki 14! Chama cha wafanyakazi cha CSAAWU kilidai randi 8,500 kwa mwezi. Mwisho wa siku wakakubaliana nyongeza ya asilimia 8 au randi 400, ile itakayokuwa kubwa. Mwaka huohuo filamu ya Tom Heinemann, mwandishi wa Denmark, iitwayo Bitter Grapes, ilionyeshwa Skandinavia na kuwachefua wanywaji wa kule. Kumbe mnywaji wa Copenhagen akikasirika, bosi wa Robertson anasikia haraka kuliko akigomewa wiki 14. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

Na msidhani mambo ni meupe na meusi tu. Novemba 2009, De Doorns hiyohiyo, wenyeji waliwafukuza vibarua wa Zimbabwe wapatao 3,000 kwenye vibanda vyao, wakidai wanakubali ujira mdogo na kuwaharibia soko. Maskini akakutana na maskini mwenzake akambomolea nyumba. Kwa vijana wetu wanaowaza kuzamia Sauzi, hiyo nayo ni sehemu ya mandhari.

DIRISHA LA PILI

Lakini kama ningeambiwa nichague kesi moja tu ya kueleza yale mabonde, nisingechagua mgomo. Ningechagua dirisha.

Kuna sheria ya 1997 inayoitwa kwa kifupi ESTA, inayomlinda mtu anayeishi kwenye shamba la mwenzake kwa ridhaa asifukuzwe ovyo. Sheria nzuri, ila utekelezaji wake ulikuwa dhaifu. Utafiti uliotolewa 2005 ulikadiria kuwa karibu watu milioni moja walifukuzwa kwenye mashamba ya nchi nzima kati ya 1994 na 2004, yaani katika miaka kumi ya kwanza ya uhuru wa Mandela! Mwaka 2011 Human Rights Watch nao wakatoa ripoti kuhusu mashamba ya matunda na mvinyo ya Western Cape. Waliikuta familia iliyokuwa ikiishi kwenye banda lililokuwa la nguruwe.

Sasa, kule Blaauwklippen, Stellenbosch, katikati ya mashamba ya mvinyo, alikuwepo mwanamke aliyeishi kwenye nyumba ya shamba kwa miaka mingi chini ya ulinzi wa sheria hiyo. Alitaka kuirekebisha kwa hela yake mwenyewe. Sikilizeni alichotaka: sakafu isawazishwe, nje pawekwe kijisehemu cha kukanyagia, bomba la maji liingie ndani, sinki la kunawia, dari, na dirisha la pili. Basi. Hakuomba ghorofa wala kipande cha shamba. Upande wa wenye shamba haukukataa kwamba bila vitu hivyo nyumba haifai kwa utu wa mtu. Ulichosema ni kwamba sheria haimpi haki ya kufanya marekebisho bila idhini yao. Mahakama za chini zikakubaliana nao.

Mama akapanda ngazi mpaka Mahakama ya Katiba. Mei 2017, katika kesi ya Daniels dhidi ya Scribante, hukumu iliyoandikwa na Jaji Madlanga ikampa ushindi. Mkaazi wa namna yake ana haki ya kuifanya nyumba ifae kwa utu wake bila kungoja idhini, ingawa anatakiwa kwanza kukaa na mwenye shamba wazungumze kwa dhati. Kwa lugha ya kijiweni: utu wako hauombewi ruhusa, ila ongea na mwenzako kwanza.

Fikirini wadau. Mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi ikae, majaji wasome majalada, waandike hukumu ndefu, ili mtu apate dirisha. Kwa nini dirisha liwe vita? Hapa ndipo mandhari inapoingia, na huu ni uchambuzi wangu, siongelei kesi ile pekee. Mfanyakazi akiweka dirisha, bomba na dari, anasema mimi nipo hapa na nitaendelea kuwepo. Na kwenye bonde ambalo kila kibanda kizuri kinaweza kupakwa chokaa kikageuzwa chumba cha mgeni, mtu anayeendelea kuwepo anakalia nafasi yenye bei. Zamani bosi alimhitaji mfanyakazi aishi karibu, kwa sababu bila yeye zabibu zinaozea kwenye mti. Leo kuna mashine za kuvuna, kuna dalali wa kuleta vibarua kwa lori asubuhi na kuwarudisha mjini jioni. Nyumba ya shamba imebaki bila kazi yake ya zamani, na mtalii ameipa kazi mpya. Ndo maana nasema mandhari ni zao. Na zao lolote linahitaji kusafishiwa shamba.

NA WENYE MASHAMBA JE?

Tuwape nao haki yao. Si kila mwenye shamba ni tajiri wa kutupa. Zaidi ya nusu ya mvinyo wa Sauzi unaouzwa nje haupelekwi kwenye chupa zenye jina la shamba. Unaondoka kwa wingi kwenye mifuko mikubwa ndani ya makontena, unaenda kutiwa kwenye chupa Ulaya, na faida nono inabaki hukohuko. Wakati wa korona, 2020 na 2021, serikali ilipiga marufuku uuzaji wa pombe mara nne. Agosti 2025 Marekani ikatwanga bidhaa za Afrika Kusini ushuru wa asilimia 30. Mizabibu inang'olewa: nchi iliyokuwa na zaidi ya hekta 100,000 za zabibu za mvinyo miaka ya 2000 sasa imeshuka chini ya 90,000.

Katika hali hiyo, mtu wa baiskeli ni mkombozi. Chupa anayonunua pale pale shambani, hakuna mwenye meli, wakala wala supamaketi ya kuikata faida. Analala, anakula, anabeba boksi. Kwa hiyo mwenye shamba anayefungua mgahawa na kukodisha baiskeli anahangaika kama mkulima mwingine yeyote.

Na kuna waliojaribu njia nyingine. Thandi, mradi wa mvinyo wenye umiliki wa wafanyakazi, mwaka 2003 ulikuwa wa kwanza duniani kupata nembo ya Fairtrade kwa mvinyo. Shamba la Solms-Delta karibu na Franschhoek liliweka makumbusho yanayoeleza habari za watumwa wa shamba lenyewe, na wafanyakazi wakapewa hisa. Baadaye shamba hilo likazama kwenye matatizo ya fedha, na hapo somo ni chungu: hisa za biashara inayokufa hazilipi ada ya shule. Upande wa baiskeli kuna Songo.info, mradi wa Kayamandi, kitongoji cha watu weusi cha Stellenbosch, ulioanzishwa na Songo Fipaza na bingwa wa Uswisi Christoph Sauser. Watoto wa pale wanapata baiskeli, wanapata mazoezi, wanasaidiwa masomo. Huko ndiko baiskeli ilipovuka barabara kutoka upande wa wageni.

INATUHUSU NINI SISI?

Kwanza, tunaunywa. Nendeni supamaketi yoyote ya Nairobi au Dar, rafu ya mvinyo imejaa chupa za Cape. Kila wikiendi mtu anapiga picha na glasi, anaweka mtandaoni. Sawa, raha jipe mwenyewe. Lakini mjue kuwa na nyie ni wanunuzi, na tumeshaona kule Denmark kwamba mnunuzi akiuliza, anasikilizwa.

Pili, tuna zabibu zetu. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Stellenbosch hawaliwezi. Tofauti kubwa ni kwamba Dodoma mkulima mdogo ana ekari yake moja au mbili, anahangaika na bei na soko, lakini anapoamka asubuhi hakuna wa kumwambia dirisha hapana. Wale wa Cape wana barabara nzuri, majina duniani, watalii, lakini mchumaji hana hata sentimita ya udongo. Siku wawekezaji watakapokuja na michoro ya hoteli katikati ya mizabibu ya Dodoma, na kwa jinsi mji mkuu unavyokua watakuja tu, swali la kwanza liwe hati ya shamba ibaki kwa nani. Mandhari ikishauzwa, hairudishwi kwa maandamano.

Tatu, kwa yeyote atakayebahatika kupita kule, iwe kwa ajira, masomo au hata kuendesha baiskeli. Mtu wa baiskeli ana kitu ambacho mnywaji wa London hana: anakwenda taratibu. Kwa kilomita 15 kwa saa huwezi kusingizia hukuona. Unapita mbele ya nyumba za wafanyakazi kabla hujafika kwenye meza ya kuonja mvinyo. Basi ukifika mezani, kabla ya kuuliza mvinyo huu ni wa mwaka gani, uliza maswali matatu. Wachumaji wanalala wapi? Maji yanaingia ndani? Wana mkataba wa mwaka mzima au wa miezi mitatu? Hakuna askari atakayekukamata kwa kuuliza. Mwenye shamba anayewatendea watu wake haki atajibu kwa kujivunia, tena atakutembeza. Asiyetenda haki atabadili mada aongelee hali ya hewa. Jibu umeshalipata.

Nitapingwa, najua. Kuna watakaosema watalii wakibanwa na maswali wataenda Ureno au Ujerumani, ambako nako kuna mito na mizabibu, na atakayeumia ni yuleyule mchumaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini iliwahi kutumika pia mwaka 2012: tukilipa zaidi ya randi 69 mashamba yatakufa yote. Mashamba kadhaa yalikufa, mengine yakapunguza watu, hilo lilitokea kweli. Mengi bado yapo, na leo ndiyo hayo yanayopigwa picha. Kama biashara inaweza kumudu kukodisha baiskeli, kuajiri mpishi na kupaka chokaa nyumba ya wageni, inaweza kumudu dirisha la pili.

Nawasilisha. Mlioko Cape Town, na najua mpo wengi, tuambieni kwenye maoni mnayoyaona huko. Na nyie wa Dodoma mlio na mashamba ya zabibu: je, mmeshaanza kuona watu wanaokuja kupima ardhi?